Kujitolea au Kutumwa? Maoni juu ya Uanagenzi wa Vijana katika Hifadhi ya Maliasili

Miaka michache iliyopita, tarehe 5 Juni, ambayo ni Siku ya Mazingira Duniani, sisi wakufunzi pamoja na wanachuo wetu tulipanda miche 400 kuuzunguka uwanja wa michezo wa chuo. Mgeni wa heshima alifika, akapanda mche wa kwanza, akapigiwa makofi, akaondoka. Wanachuo waliimba, picha zikapigwa. Ulipofika mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, tuliuzunguka uwanja ule tena tukahesabu miche iliyo hai. Tuliikuta 23. Kati ya hiyo, 19 ilikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo mpishi wetu humwaga maji aliyooshea mboga. Mpishi huyo hakuwamo katika orodha ya waliojitolea siku ile, wala hakuna aliyempa cheti.

Tumeanza na aibu hii ya kwetu wenyewe kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo tungependa kulizungumza katika makala haya. Chuo chetu kimo katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi, ambako mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Kupanda mche mwezi wa Juni katika sehemu kama hii ni kuupanda mwanzoni mwa miezi mitano ya ukame. Jambo hili hulijua kila mtoto wa mkulima, na wanachuo wetu wengi ni watoto wa wakulima. Walijua, lakini hawakusema. Baadaye tulimwuliza mmoja wao kwa nini alinyamaza, naye akajibu kwa adabu: “Tulidhani ninyi walimu wetu mmekwisha kulifikiri.” Jibu hilo lilitukaa moyoni kuliko hasara ya miche yenyewe. Vijana 200 walifanya kazi ya mikono asubuhi nzima, na walichojifunza ni kwamba katika kazi ya hifadhi akili zao hazihitajiki.

Siku hizi vijana wanahimizwa sana kushiriki katika kutunza maliasili. Kuna klabu za mazingira mashuleni, kuna kambi za likizo, kuna nafasi za uanagenzi katika hifadhi za wanyama, misitu na bahari, na kuna mashirika yanayowaita vijana wajitolee kuhesabu ndege, kulinda mayai ya kasa, au kusafisha fukwe. Ninyi wanachuo mnaosoma jarida hili ndio mtakaopewa ulezi wa klabu hizo mtakapofika katika shule za msingi. Aghalabu hupewa mwalimu mgeni kwa kuwa wenyeji wamekwisha kuukataa. Kwa hiyo ni vema tuulize mapema: kijana hujifunza nini tunapompa jembe? Maoni yetu ni kwamba kazi ya kujitolea na uanagenzi katika hifadhi ni mafundisho, na ipimwe kwa kipimo kile kile tunachopimia somo la Hesabu au la Kiswahili. Liwepo lengo, ziwepo hatua, awepo mtu anayesimamia, na mwishoni mwanafunzi aweze kufanya jambo ambalo hapo mwanzo hakuliweza. Yasipokuwapo hayo, tumempata kibarua asiye na ujira, basi.

Tutenganishe kwanza maneno matatu ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Kutumwa ni kufanya kazi kwa agizo la mwingine; mtoto hutumwa dukani, na hakuna ubaya, lakini hatusemi kwamba amejitolea kwenda. Kujitolea ni kutoa nguvu na wakati wako kwa hiari, ukiijua sababu, na ukiwa na uwezo wa kusema hapana. Uanagenzi ni kujifunza kazi chini ya fundi, hatua kwa hatua, mpaka nawe uwe fundi. Mwanagenzi wa useremala hapewi randa siku ya kwanza. Lakini pia hafagii vumbi la mbao kwa miaka mitatu. Fundi akimfanya mfagiaji wa daima, wazazi humwondoa. Katika mambo ya hifadhi, yasikitisha kwamba vijana wengi hufagia tu, na mara nyingi waliotumwa huandikwa katika taarifa kuwa wamejitolea.

Wazo la kuwafundisha vijana kazi hii si geni kwetu. Mwezi wa Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitoa huko Arusha tamko juu ya hifadhi ya wanyamapori, na mojawapo ya mambo yaliyosisitizwa humo ni haja ya watu waliofunzwa. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963, karibu na Moshi, ili Waafrika wenyewe waweze kuzisimamia hifadhi zao. Kenya ilipata klabu za wanyamapori mashuleni mwaka 1968, nazo zilianzishwa na wanafunzi wenyewe. Kwetu Tanzania klabu za Malihai zilienea tangu miaka ya 1980, na mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana barazani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam, wakaanzisha umoja wa vijana wa Roots & Shoots ambao leo umeenea katika nchi nyingi duniani. Basi haja ya vyama hatuna. Tunachopungukiwa ni mbinu.

Mfano ulio bora kuliko yote tunayoyafahamu haukuanza kama mpango wa mafunzo hata kidogo. Goodall alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi wa Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26 na bila shahada yoyote. Yeye mwenyewe alikuwa mwanagenzi. Alitumwa na mtaalamu aliyeamini kwamba uvumilivu na jicho la kuona vilitosha kuanzia. Sifa zake zinajulikana, nasi hatutazirudia. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha mashuleni ni habari ya vijana wenyeji wa Kigoma waliofanya kazi Gombe baada yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mtafiti mmoja kijana kuanguka gengeni na kufa, iliamuliwa kwamba kila mtafiti mgeni afuatane na mwenyeji anapoingia msituni. Wenyeji hao walichukuliwa kwa ajili ya usalama. Waliijua njia, walijua wapi ni pa kuteleza. Lakini mtu anayemfuata sokwe kutwa kucha pamoja na mtafiti hawezi kubaki msindikizaji tu. Walianza kuwatambua sokwe kwa sura, wakajua nani ni mama wa nani, nani amekosana na nani; wakajua sokwe wamekula tunda gani na la mti upi. Wakafundishwa kujaza majedwali, kisha wakaanza kuandika habari za siku nzima, na habari hizo waliziandika kwa Kiswahili.

Mwezi wa Mei 1975 watu wenye silaha waliovuka ziwa kutoka Zaire walivamia Gombe usiku wakawateka vijana wanne wa utafiti kutoka ng’ambo. Hatimaye wote wanne waliachiliwa. Lakini baada ya tukio lile wageni hawakuweza tena kukaa pale kama zamani. Ingetazamiwa kwamba utafiti ungekoma. Haukukoma. Vijana wa Kigoma waliendelea kuingia msituni kila siku, wakiwa na madaftari yao, na utafiti wa Gombe ukaendelea hata ukawa miongoni mwa tafiti za wanyama wa mwituni zilizodumu kwa muda mrefu kuliko zote duniani. Goodall alifariki mwezi wa Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, na kazi inaendelea.

Tutazame kisa hiki kwa macho ya mwalimu. Vijana wale wengi hawakuwa na elimu kubwa ya darasani. Walifanikiwa kwa sababu gani? Kwanza, walianza na kile walichokijua tayari, yaani nchi yao. Pili, walipewa kazi iliyozidi kukua: kusindikiza, kutambua, kuhesabu, kuandika. Tatu, lugha ya kazi ilikuwa lugha yao. Hapo tungependa wanachuo wasimame kidogo. Tumeona fomu za klabu za mazingira zilizoandikwa kwa Kiingereza, zikipelekwa katika shule ya msingi ambako hata mlezi wa klabu huzijaza kwa kubahatisha. Kama maisha ya sokwe yameweza kuandikwa kwa Kiswahili kwa miaka zaidi ya hamsini, na wataalamu wakayatumia, hatuoni sababu mtoto wa darasa la tano ashindwe kuandika habari za mche wake katika lugha hiyo hiyo.

Tena kuna jambo la nne, ambalo labda ndilo kubwa: kazi yao ilikuwa ya kweli. Daftari la siku lilihitajiwa. Likikosewa, palikuwa na mtu wa kuuliza. Wanafunzi wetu huandika ripoti za klabu ambazo hazisomwi na mtu yeyote, nao wanajua kwamba hazisomwi.

Sasa tuseme juu ya shuruti. Wako wenzetu wanaoamini kwamba mtoto wa Kiafrika hafanyi kazi bila kusukumwa, na kwamba mazingira hayawezi kungoja hiari. Twawakumbusha habari za Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa milima ile kuchimba matuta ili udongo usichukuliwe na maji. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, hilo hatulikatai. Lakini watu walilazimishwa, hawakushauriwa, na matuta yenyewe mahali pengi hayakufaa udongo wa mlima. Mwaka 1955 chuki hiyo ilizaa ghasia huko Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Kwa muda mrefu baadaye, mtaalamu aliyetaja matuta kwa wazee wa huko alikuwa ametaja uonevu. Shuruti iliharibu jina la jambo jema.

Je, sisi hatufanyi hivyo kwa kiwango kidogo kila asubuhi? Nendeni katika shule yoyote mtakayopangiwa kwa mazoezi ya kufundisha, msimame karibu na lango kengele inapolia. Mtamwona mwalimu wa zamu akiwakamata waliochelewa. Adhabu yao ni nini? Wakachote maji wamwagilie miti. Aliyepiga kelele darasani akapalilie bustani. Aliyevaa sare chafu akazoe takataka. Saa mbili baadaye mwalimu huyo huyo huingia darasani na kufundisha kwamba miti ni uhai na kwamba kutunza mazingira ni heshima. Mtoto hulinganisha mafundisho hayo mawili, na huamini lile aliloonyeshwa kwa vitendo: mti ni adhabu. Tunawaomba ninyi mnaokwenda mazoezini mlikatae jambo hili moja tu, hata kama hamtaweza kubadili lolote lingine. Mkishindwa kuizuia adhabu, basi walau ibadilisheni isiguse mti.

Kisha yuko mtoto ambaye hifadhi imekwisha kuingia nyumbani kwake kwa njia mbaya. Nchi yetu ina vijiji vingi vinavyopakana na mapori na hifadhi. Katika darasa la wanafunzi 60 wa kijiji kama hicho, mwalimu asidhani kwamba wote wanalisikia neno “mhifadhi” kwa namna moja. Yumo ambaye baba yake alikamatwa na nyama ya porini, akafungwa. Yumo ambaye shamba la mahindi la mama yake liliangamizwa na tembo katika usiku mmoja. Yumo ambaye kaka yake ni askari wa wanyamapori wa kijiji na anamwonea fahari. Mmoja wa wanachuo wetu alifundisha somo la ujangili katika shule ya namna hiyo. Alikuwa na andalio zuri na picha za tembo waliouawa. Alipouliza, “Jangili ni mtu wa aina gani?” mtoto mmoja wa kike alisimama akasema, “Ni baba,” akaketi. Mwanachuo hakujua la kusema, akaendelea na swali la pili.

Hatumlaumu, hata sisi tusingejua la kusema. Lakini tunadhani kwamba mwanachuo ambaye angekuwa ameishi wiki tatu na walinzi wa msitu na pia na wanakijiji wa pembezoni angaliuliza swali lile kwa namna nyingine, au asingaliuliza kabisa. Hiyo ndiyo sababu yetu ya kutaka uanagenzi wa hifadhi uwe sehemu ya mafunzo ya walimu wenyewe, kabla ya kuwa wa watoto. Mwalimu hujifunza huko kwamba kulinda mnyama kuna gharama, na kwamba gharama hiyo mara nyingi hulipwa na watu maskini. Akilijua hilo atafundisha hifadhi kwa uaminifu. Asipolijua atahubiri, na watoto watanyamaza kama walivyonyamaza wanachuo wetu ile siku ya miche 400.

Tunazo pia shule nyingine za kutufundisha mbinu. Profesa Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, na akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Jambo linalotuvutia sisi walimu ni utaratibu mmoja mdogo: akina mama wa vikundi walipewa kifuta jasho kidogo kwa kila mche uliosalimika. Hawakulipwa kwa kupanda. Walilipwa kwa mche kuwa hai. Mtu aliyefikiri utaratibu huo alijua ualimu. Fikirini tungekuwa tumehesabu hivyo chuoni kwetu. Taarifa yetu ilisema: miche 400 imepandwa. Taarifa ya kweli ingalikuwa: miche 23, na shukrani kwa jiko.

Huko Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi, uliojulikana kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imekwisha kuitwa jangwa na watu wengi. Wataalamu walianza na miche na vitalu. Kisha waligundua kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao ya zamani, ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa mvua ili majani yake yawe akiba ya mifugo wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilipofufuliwa, miti ilichipua yenyewe kutoka visiki na mizizi iliyokuwa bado hai chini ya ardhi. Kufikia miaka ya 2000 eneo la ngitili lilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Tunalitaja jambo hili kwa sababu katika akili za walimu wengi kuhifadhi ni kupanda tu. Vijana wa Shinyanga wangeweza kujitolea kwa kazi ngumu kuliko kupanda: kuacha. Kuzuia ng’ombe wako mwenyewe asiingie mahali palipo na majani mabichi, na kumwambia jirani naye amzuie wa kwake. Kazi hiyo haipigwi picha vizuri. Lakini mwalimu mwenye kipande cha uwanja kilicho tupu anaweza kuigeuza kuwa somo zuri sana kwa gharama ya kamba na vijiti vinne: zungushieni mita chache za mraba, msipande kitu, mwandike kila Ijumaa kilichoota. Tumelijaribu, katika msimu mmoja wanachuo walihesabu aina 14 za mimea, na wazee wa kijiji jirani wakawatajia majina ya kumi na moja.

Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, penye hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa mwaka 1994, wavuvi wa zamani walifunzwa wakawa walinzi, na wao ndio huwaongoza watoto wa shule wanaokwenda kujifunza huko. Nani angemfundisha mtoto habari za tumbawe kuliko mtu aliyekuwa akitupa nanga juu yake?

Hatuwezi kuliacha suala la fedha, ingawa baadhi ya wasomaji watasema halihusu mbinu za kufundishia. Linahusu. Vijana kutoka Ulaya na Marekani huja kujitolea katika hifadhi zetu wakijilipia nauli, chakula na malazi, na wengine hulipa ada juu yake. Hatuna neno baya kwao. Baadhi yao hufanya kazi nzuri, na hurudi kwao wakiwa rafiki zetu. Lakini kijana wa kijiji kilicho kilomita 40 kutoka lango la hifadhi hiyo hiyo hana nauli ya basi. Akiipata nauli hana viatu vya kutembelea porini. Akipata vyote, huko nyumbani kuna shamba linalomngoja, na mwezi wa kujitolea ni mwezi bila kipato. Matokeo yake ni kwamba anayejifunza sana juu ya pori letu huenda akawa yule atakayeishi mbali nalo maisha yake yote. Wahenga walisema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, na maneno hayo ni ya kweli. Ila hawakusema kwamba mwenye njaa alaumiwe kwa kutotoa.

Neno kujitolea limechakaa pia kwa sababu nyingine, ambayo wanachuo wetu wanaijua vizuri kuliko sisi. Wahitimu wengi wa ualimu hukaa miaka kadhaa wakifundisha kwa kujitolea huku wakingojea ajira. Baadhi yao hufundisha vipindi vingi kuliko walioajiriwa. Ukimwambia kijana kama huyo akajitolee tena msituni, ni haki yake kukuuliza mpaka lini. Kwa hiyo tunasema waziwazi: anayempokea mwanagenzi katika hifadhi, awe ni idara, shirika au kijiji, na ampe nauli, chakula na msimamizi, na wakubaliane mwanzoni siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Asiyeweza kutoa hayo asubiri mpaka atakapoweza. Na pale kazi inapokuwa ya hatari, masharti yazidi. Mwezi wa Oktoba 2020, moto ulipowaka katika Mlima Kilimanjaro, mamia ya watu walipanda kwenda kusaidia kuuzima, wakiwamo wananchi waliojitolea. Moyo ule ni wa kusifiwa. Lakini moto wa mlimani hubadilika na upepo, na mtu asiyefundishwa ni mzigo kwa wenzake. Kuhusu watoto wa shule ya msingi hatuna mjadala: wasipelekwe kwenye moto, wala kwenye doria, hata kwa kutazama.

Basi mwanachuo afanye nini katika wiki zake za mazoezi? Aanze na kitalu, na aanze kidogo. Kitalu cha viriba 50 kinachotunzwa ni darasa. Cha viriba 500 ni karaha. Watoto wachanganye wenyewe udongo wa juu, samadi na mchanga, wajaze viriba, wapande mbegu walizokusanya katika miti ya kijiji chao. Wajenge kivuli cha nyasi. Kisha wafundishwe jambo ambalo vitalu vingi vya shule hulisahau: majuma machache kabla ya kupanda, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo na maji pia hupunguzwa, ili mche ukomae na uzoee jua kali. Mche unaotolewa kivulini leo na kupandwa juani kesho hunyauka. (Wakufunzi wenzetu wanaomfanyia kila kitu mwanachuo mpaka siku anapopangiwa shule watatusamehe tukisema kwamba kanuni hii haihusu miche peke yake.) Kila kundi la watoto wanne liwe na daftari moja, na kila siku aandike mmoja: kimo cha mche, maji yaliyotiwa, wadudu walioonekana. Miche ikifa iandikwe kwamba imekufa, na sababu itafutwe. Daftari linaloonyesha kwamba hakuna mche uliokufa ni la uongo, na mwalimu asilipe alama.

Hapa pana tatizo la kalenda ambalo tulilikuta wenyewe. Katika sehemu kama yetu, mvua za kupandia huanza wakati ule ule shule zinapofungwa mwezi wa Desemba. Mwalimu akingoja Januari amepoteza mwezi wa mvua. Akipanda siku ya kufunga shule, mbuzi watakula likizo nzima. Tulijaribu njia hii: kila mtoto wa klabu alikwenda nyumbani na miche miwili, baada ya mzazi au mlezi kuja shuleni kuambiwa ni miche ya nini. Januari watoto walipeleka habari, na mwanachuo alikwenda kuhakikisha katika nyumba alizoweza kuzifikia kwa miguu. Mwaka wa kwanza karibu nusu ya miche ilikuwa hai. Bibi mmoja alikuwa ameuzungushia wake miiba mirefu kuliko mche wenyewe, akatuuliza kwa ukali kwa nini mjukuu wake alipewa miwili tu.

Na tarehe 5 Juni? Bado tunaiadhimisha. Mgeni wa heshima huja, lakini hapandi mti. Huketi chini pamoja na wanachuo akajaza kiriba, maana kwetu Juni ni mwezi wa kitalu. Mara ya kwanza tuliona haya kumweleza. Yeye alicheka, akasema kwao pia hakuna anayepanda Juni, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa akijiuliza nani atamwambia.

Wenzetu watatujibu kwamba muhtasari ni mrefu, mitihani iko karibu, na vipindi havitoshi. Ni kweli havitoshi. Hata hivyo daftari la kitalu lina vipimo na wastani, lina sentensi za Kiswahili, lina sayansi ya mimea, na mtoto anaweza kulihesabia grafu yake ya kwanza. Hatuombi kipindi kipya katika ratiba. Tunaomba vile vilivyopo vitumie kitu kilicho hai kilichoko nje ya dirisha badala ya mfano wa kitabuni.

Jambo ambalo hatujalimaliza ni maji ya Agosti na Septemba. Bomba la shule yetu ya mazoezi hukauka, na hatupendi kuwaambia watoto waje na vidumu kutoka majumbani ambako mama zao wameyafuata maji hayo mbali. Tumeanza kuweka chupa zilizotobolewa kidogo chini ya udongo, karibu na mizizi, nazo zinapunguza matumizi ya maji. Lakini hazitoshi kwa kitalu kizima. Wasomaji waliokwisha kulipatia jambo hili ufumbuzi katika shule zisizo na kisima tunawaomba waliandikie jarida hili, wakieleza pia ni miche mingapi iliyokufa.